Upara: mbegu bado zimo, lakini nani anajua kuziamsha?

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichukua ngozi ya vichwa vya wanaume wenye upara wakalinganisha sehemu mbili za kichwa kilekile: pale palipokwisha nywele na pale zilipobaki. Kwenye upara walikuta seli shina, yaani seli mama zinazozaa nyingine, bado zipo kwa idadi karibu ileile. Zilizoadimika ni watoto wao, seli za hatua inayofuata ambazo ndizo huanza kazi ya kuujenga unywele. Shamba lina mbegu, ila hazichipui. Matumaini mengi ya kutibu upara kwa seli, yaani kumchoma mtu kichwani seli zilizokuzwa maabara, yameegemea hapo, na ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema jambo hili ni utapeli mtupu.

Nazungumzia upara wa kurithi, ule ambao kwa wanaume homoni ya kiume iitwayo DHT husinyaza vinyweleo kidogo kidogo mpaka unywele mnene unabaki kama malaika, vile vinywele laini vya mtoto mchanga. Mwanamume huanzia kwenye panja na utosini. Mwanamke kwa kawaida habaki kipara. Njia ya katikati ya kichwa ndiyo inayopanuka mwaka hadi mwaka, nywele za mbele zikiwa palepale.

Dawa zipo. Minoksidili, iliyoanza kama dawa ya presha, hupakwa na wote. Finasteridi ya vidonge iliruhusiwa Marekani mwaka 1997 kwa wanaume. Mwanamke anayeweza kushika mimba haruhusiwi kuitumia, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Zote mbili ukiziacha, ulichookoa nacho kinaondoka. Upandikizaji nao huchukua nywele za kisogoni na kuzihamishia mbele, kwa hiyo jumla yake haiongezeki. Mwanamke ambaye nywele zimepungua kichwa kizima hana hata hicho kisogo cha kuazima. Watetezi wa seli wanapomtaja mwanamke huyo, sioni wa kuwajibu.

Tena hawasemi hewani. Mwaka 1999 kundi la mtafiti Colin Jahoda wa Uingereza lilitoa seli zinazozunguka sehemu ya chini ya kinyweleo cha mwanamume, likazipandikiza kwenye mkono wa mwanamke. Nywele ziliota, na mwili wa yule mwanamke haukuzikataa.

Basi mbona miaka zaidi ya 25 imepita na hakuna tiba ya kawaida hospitalini? Tatizo liko kwenye kuzikuza. Ili seli chache zitoshe kichwa kizima lazima zizalishwe maabara, na zikishatandazwa kwenye sahani zinasahau kazi yake: zinaongezeka, lakini hazina tena uwezo wa kuiamuru ngozi iote nywele. Mwaka 2013 ilionekana kwamba zikikuzwa kwa kukusanyika kama vitone vya mviringo, sehemu ya kumbukumbu hiyo hurudi. Sehemu tu. Kampuni ya Intercytex ya Uingereza ilijaribu tiba hii kwa watu ikaishia njiani, na kampuni ya Aderans ya Japani nayo ikaifunga taasisi yake ya utafiti.

Jaribio ninaloliheshimu kuliko yote ni la Tokyo, lililochapishwa mwaka 2020, likiwa na wanaume 50 na wanawake 15. Kila mmoja alichomwa sehemu nne kichwani: tatu kwa vipimo tofauti vya seli zake mwenyewe zilizotolewa kisogoni, ya nne kwa maji yasiyo na seli. Miezi 6 na miezi 9 baada ya kuchomwa, sehemu iliyopata kipimo cha chini kabisa, seli laki tatu, ilikuwa imeishinda ile isiyo na seli, na wanawake walinufaika sawa na wanaume. Kipimo kikubwa cha mamilioni ya seli hakikufanya vizuri zaidi. Hapo nasita. Tiba ambayo kuzidisha dozi hakuongezi matokeo ni tiba ambayo bado hatujaielewa.

Kinachouzwa kwenye kliniki nyingi za urembo kwa jina la seli si hicho. Mara nyingi ni PRP: unatolewa damu, inazungushwa kwenye mashine, majimaji yenye chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, yanachomwa kichwani. Baadhi ya tafiti zinaonyesha nywele kuongezeka kiasi, lakini kila kliniki huandaa kwa namna yake, na hakuna seli shina wanayokuotesha. Nao wanaosema "ni seli zako mwenyewe, zitakudhuru vipi?" wakumbuke wanawake watatu wa Florida, habari zao zikichapishwa mwaka 2017: walichomwa machoni seli za mafuta ya miili yao wenyewe, wakapoteza uwezo wa kuona.

Kwa dada zetu kuna swali linalotangulia hata hilo: nywele zinatoka kwa sababu gani? Nywele zinazotoka pembeni kwa kusukwa na kubanwa mno si upara wa kurithi, na zile zinazoanzia utosini zikiacha kovu laini ni ugonjwa mwingine kabisa. Kwenye kovu kinyweleo kimeshakufa, na mbegu nilizozitaja mwanzo hazimo. Kumchoma mwanamke huyo sindano kabla daktari wa ngozi hajamkagua ni kumla pesa yake.

Isitoshe, jaribio la Tokyo lilifanyika Japani, si kwenye nywele na ngozi kama zetu. Kinyweleo cha nywele za kipilipili kimejipinda chini ya ngozi, na ngozi nyeusi hupata keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua, kwa urahisi zaidi. Hata kile kijeraha cha kutolea sampuli kisogoni si kitu cha kupuuza kwetu. Moshi, Tanzania, pale hospitali ya KCMC, wataalamu wa magonjwa ya ngozi wamekuwa wakifundishwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Natamani siku moja jaribio kama lile lifanyike huko, sehemu nne kwa kila kichwa, moja ikiwa haina seli, na wanawake wasiwe 15 tu.