Mwenza wa Mtu Asiyekujua

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Kisauni, Mombasa, kwenye matanga ya mume wa shoga yangu. Tumekaa wanawake ndani, majamvi yametandikwa mpaka ukumbini, juzuu zinagawiwa. Akaingia mwanamke mmoja aliyevimba macho, amemshika mkono mtoto wa kiume wa miaka minne hivi. Akavua viatu, akakaa pale pale mlangoni. Mtoto akainua uso, nasi tukamuona marehemu: nyusi zilizokutana katikati, sikio la kushoto limekunjika kwa juu. Shoga yangu alimtazama mtoto yule mpaka nikaogopa. Shangazi wa marehemu ndiye aliyevunja kimya, tena kwa sauti ya chini: "Msogeleeni apate nafasi. Ni mwenzenu huyo."

Mwenzenu! Neno hilo limenikaa kooni tangu siku ile.

Jioni, kwa dirishani, nikawasikia vijana nje wakibishana. Mmoja anasoma kwenye simu kwamba poligami ni Kigiriki, maana yake wake wengi, kwa hivyo jambo ni la dunia nzima na wanawake hawana la kulalamikia. Kwanza maana si hiyo. Kwa Kigiriki, polys ni -ingi na gamos ni ndoa. Ndoa nyingi, basi. Haikutajwa nani ameoa wala nani ameolewa, ndiyo maana wataalamu wakalazimika kuwa na neno jingine la mume mwenye wake wengi, na jingine la mke mwenye waume wengi. Tena Wagiriki wa kale wenyewe desturi yao ilikuwa mke mmoja.

Lakini Kigiriki hakinihusu sana. Yanihusu majina waliyopewa wanawake wenyewe. Kwa Kiarabu mke mwenza ni dharra, neno la mzizi mmoja na haya madhara yetu. Kiebrania kinamwita tsara, na tsara hiyo hiyo ni taabu. Ndivyo anavyoitwa Penina, mke mwenziwe Hana, katika kitabu cha Samweli. Jirani zangu Wajaluo wanasema nyieka, na nyiego kwao ni wivu. Lugha zote hizo zimetaja maumivu. Kiswahili kikasema mwenza, neno lile lile la mwenzangu wa safari, mwenzangu wa kula sahani moja. Sidhani wazee wetu hawakuujua wivu. Naona walilipa jina sharti: mwenzio ni mtu unayemjua.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa bi mkubwa Kibokoni, na bi mdogo alikaa nyumba ya pili yake. Walinuniana, ndiyo, na kuna mwaka mzima hawakusemeshana. Lakini bibi alipojifungua mama yangu, bi mdogo ndiye aliyemkanda maji moto siku zote arubaini. Siku ya nikaha ile ya pili bibi aliarifiwa kabla, na babu mwenyewe, uso kwa uso. Alilia, akasema alilokuwa nalo, likasikilizwa. Mimi mwenyewe nisingekubali, lakini yao siwezi kuiita dhuluma.

Mimi ni Muislamu na sina ugomvi na aya. Aya ya 3 ya Suratun Nisaa inaanza na mayatima, na inamalizia kwamba mkiogopa hamtaweza uadilifu, basi mmoja. Uadilifu ni pamoja na zamu za kulala. Sasa niambieni, zamu inagawanywaje kwa mwanamke asiyejua kuna zamu? Shoga yangu aliambiwa na mumewe kwamba ana shifti ya usiku bandarini, mara tatu kwa wiki. Akimfungia wali na samaki wa kupaka kwenye hotipoti. Hotipoti ikirudi asubuhi imeoshwa, inang'ara, naye akitusifia: "Mume wangu mstaarabu, hata chombo haniletei kichafu."

Sheria haimsaidii. Mwaka 2014, muswada wa sheria ya ndoa ulipokuwa bungeni, wabunge wanaume walikiondoa kifungu cha kumtaka mume apate ridhaa ya mke wa kwanza. Wabunge wanawake wakatoka nje, na muswada ukapita bila wao.

Na ipo mirathi. Marehemu ameacha watoto, kwa hivyo fungu la wake ni thumuni, moja kwa nane, nalo ni lao wote kwa pamoja. Wakiwa wawili, kila mmoja ana moja ya kumi na sita. Maana yake siku ya kwanza shoga yangu kujua ana mwenza ni siku ile ile anayogawana naye, yuko ndani ya eda, hata chozi halijakauka.

Kinachoniwasha zaidi ya vyote ni mashahidi. Nikaha haisihi bila mashahidi, wanaume wawili walikaa Likoni wakashuhudia. Mmoja wao ni shemeji yake shoga yangu. Idd mbili mfululizo ameketi kwa shoga yangu, amekula pilau yake, amemwita dada. Mpaka leo hajamuomba radhi.

Yule mke wa Likoni naye alidanganywa. Aliambiwa bi mkubwa ameshaachwa siku nyingi, na kwamba chakula kinapikwa na mama mmoja anayewauzia wafanyakazi. Alikuwa akikila na mtoto, kisha anaosha chombo.

Juzi nilikuwa kwa shoga yangu alipopita kijana wa tuktuk na furushi la leso. Ndani mna hotipoti. Imeoshwa.