Zege Lisimwagwe Ovyo katika Nyumba za Mji Mkongwe

Katika ukarabati mwingi ninaouona Mji Mkongwe, Zanzibar, sakafu ya chini huchimbuliwa, hutandikwa nailoni, kisha humwagwa zege na kubandikwa vigae vinavyong'aa. Naipinga kazi hiyo, hata pale inapofanywa na fundi hodari.

Kuta za nyumba hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita au zaidi, na hazikuwekewa kizuizi cha unyevu juu ya msingi. Maji ya ardhini hupanda ndani yake kupitia vitundu vyembamba, halafu hutoka kama mvuke kupitia sakafu na lipu ya chokaa. Sakafu ikishazibwa, unyevu huelekea ukutani. Na ukuta nao ukipigwa lipu ya saruji, unyevu huzidi kupanda ukitafuta pa kutokea, huku umebeba chumvi ambayo huganda kuwa chembe nyuma ya lipu na kuibambua. Mwenye nyumba humwita fundi, naye huongeza saruji ileile iliyoleta madhara.

Nailoni chini ya zege ni kazi sahihi katika nyumba mpya ya matofali ya saruji, kwa kuwa huko huunganishwa na kizuizi kilichotandazwa juu ya msingi kabla ya ukuta kuinuliwa. Nyumba ya zamani haina cha kuunganisha nacho.

Kabla ya kugusa sakafu, nje kukaguliwe: bomba la paa linalomwaga maji ukutani, karo linalovuja, au uchochoro ulioinuliwa kwa zege hadi ukaipita sakafu ya ndani. Baada ya hapo sakafu ichimbuliwe bila kushuka chini ya msingi, yatandazwe mawe makubwa yasiyo na vumbi, maana maji hayajipandishi penye nafasi pana, na juu yake liwekwe zege la chokaa, kokoto na mchanga usio wa pwani, lishindiliwe mpaka likazane na lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa. Chokaa hukomaa polepole kwa kunywa hewa ya ukaa, na haraka ya kupata mpangaji haiibadilishi tabia hiyo.

Ningependa kazi ianze masika yakiisha. Saruji ya zamani ibanduliwe sehemu ya chini ya kuta, na mawe yaachwe wazi kipupwe chote kabla ya kupigwa lipu ya chokaa.