Kelmis: miaka 104 bila mwenyewe

Kelmis ni mji mdogo wa mashariki mwa Ubelgiji, mwendo mfupi tu kutoka Aachen ya Ujerumani. Wenyeji wake wanazungumza Kijerumani, na dereva asiye na habari anaweza kuupita bila kuugeuzia shingo. Lakini tangu 1816 hadi 1920 mji huu haukuwa wa Ubelgiji wala wa Ujerumani. Wenyeji waliitwa watu wa Moresnet isiyo ya upande wowote, kwa jina la wilaya yao, na wengi wanaosimulia habari zake huisimulia miaka hiyo kama kipande cha peponi: kodi kidogo, bidhaa za bei nafuu, vijana hawaendi jeshini. Wachache wanasema hapana, lile lilikuwa shamba la kampuni lililopewa jina zuri. Pande zote mbili zina hoja, ila uzito wake si sawa.

Chanzo cha yote ni udongo. Napoleon alipoanguka, wafalme walikutana Vienna 1815 wakagawana upya Ulaya. Prussia, dola kubwa ya Kijerumani, na Uholanzi zikakwama kwenye mgodi mmoja wa madini ya zinki, ule ambao Jean-Jacques Dony wa Liège alipewa kibali cha kuuchimba 1806. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Tarehe 26 Juni 1816 huko Aachen wakaikata wilaya ya Moresnet vipande vitatu: magharibi kwa Waholanzi, mashariki kwa Waprussia, na katikati, penye mgodi, pakabaki pa wote wawili mpaka wapatane. Hicho kipande cha katikati kilikuwa kama kabari, kilomita za mraba tatu na nusu hivi, kikianzia kwenye kilima cha Vaalserberg na kuishia barabara ya Aachen kwenda Liège. Watu waliokuwemo walikuwa 256. Mwaka 1830 Wabelgiji walijitenga na Uholanzi, na ule ugomvi ukawa urithi wao. Mpango wa muda ukadumu zaidi ya karne.

Sasa neema yenyewe. Kwa kuwa hakuna mfalme aliyeweza kubadili sheria bila ridhaa ya mwenzake, sheria za Napoleon zilibaki kama zilivyokuwa, na kodi nazo zikabaki za zamani. Bidhaa ziliingia kutoka pande zote mbili bila ushuru. Vita vya panzi, furaha kwa kunguru. Safari hii kunguru alikuwa mchimba madini na mkewe mwenye kikapu cha sokoni. Kufikia 1858 wakazi walikuwa wamepita 2,500, wengi wao wahamiaji kutoka nchi jirani. Hoja hii naiheshimu kuliko zote za upande wa sifa. Mtu hafungi virago, akabeba na watoto, kwenda mahali anapojua ni pabaya kuliko atokako.

Lakini angalia walichokikuta. Mahakama haikuwepo, kesi zilikwenda kwa mahakimu wa Ubelgiji au wa Prussia. Meya aliteuliwa, hakuchaguliwa. Hata ile sifa ya kutoandikishwa jeshini, inayotajwa kila mara, ilikuwa ya wachache: mwaka 1854 Ubelgiji ilianza kuwaita raia wake waliohamia huko, Prussia ikafuata 1874. Waliobaki salama ni wazao wa wale wa mwanzo tu, na hao hawakuwa na uraia wa nchi yoyote.

Halafu kulikuwa na kampuni. Vieille Montagne iliundwa 1837, na zinki yake ndiyo iliyoezeka mapaa ya Paris, yale ya kijivu ambayo mpaka leo watalii wanayapiga picha. Kelmis nzima iliishi kwa kampuni hiyo. Ndiyo iliyoajiri, ndiyo iliyojenga nyumba, na daktari alikuwa wake. Pengine ilikuwa mwajiri mwema kwa viwango vya wakati ule, lakini tatizo liko palepale. Mchimbaji akidhulumiwa aende wapi? Hana mbunge, hana hakimu wa mji wake, na makamishna wawili wanaomtawala, mmoja wa Ubelgiji na mmoja wa Prussia, wapo pale kwa sababu ya mgodi.

Mpaka hapo ningewapa ushindi wanaosema lilikuwa shamba la kampuni. Kinachonizuia ni mambo yaliyotokea baada ya 1885, mgodi ulipokwisha. Kama neema yote ilikuwa zinki, watu wangetawanyika au wangeomba kuchukuliwa na nchi mojawapo. Badala yake daktari wa kampuni, Wilhelm Molly, alianzisha posta ya mji yenye stempu zake 1886. Makamishna wakaifunga upesi. Ukaja mpango wa kasino, nao ukazimwa. Mwaka 1908 Molly na wenzake wakataka Kelmis iwe nchi ya kwanza duniani ya Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili watu wa mataifa yote waelewane, jina lake Amikejo, yaani mahali pa urafiki. Walishakuwa na wimbo wa taifa. Waandishi wengi hulisimulia hili kama kichekesho. Mimi silicheki hata kidogo. Naona watu walioachwa katikati kwa ajili ya madini, na madini yalipokwisha wakaing'ang'ania ile katikati kama kitu chao.

Hawakuulizwa. Ujerumani iliivamia Ubelgiji Agosti 1914, na mwaka uliofuata Prussia ikaimeza Kelmis. Kisha ukaja mkataba wa Versailles wa 1919, baada ya Ujerumani kushindwa vita: kifungu cha 32 kikaikabidhi Kelmis kwa Ubelgiji. Wajerumani wa Eupen na Malmedy, jirani kabisa, ambao nao walikabidhiwa Ubelgiji, angalau walifunguliwa daftari la kuandika kama wanapinga. Kati ya watu zaidi ya 33,000 wenye haki, 271 tu walithubutu kuandika majina yao mbele ya maafisa wa Ubelgiji. Kelmis haikupewa hata daftari hilo la vitisho. Msomaji wa Bujumbura au Kigali ataijua hali hiyo bila kuelezwa, maana mkataba huohuo ndio ulioinyang'anya Ujerumani koloni lake la Afrika Mashariki, Ruanda-Urundi ikaangukia kwa Ubelgiji na Tanganyika kwa Uingereza. Huko hakuna aliyefikiria daftari la aina yoyote.

Mtoto aliyezaliwa Kelmis 1910 na wazazi wa asili ya hapo alikuwa hana nchi. 1915 akawa Mjerumani, 1920 Mbelgiji, 1940 Mjerumani tena, 1944 Mbelgiji tena, bila kuhama nyumba. Hitler aliwaandikisha vijana wa huko jeshini, na waliorudi walikuta wanatazamwa kama wasaliti. Ukiipima miaka ile 104 kwa yaliyofuata, unaelewa kwa nini wajukuu waliikumbuka kwa upendo. Walichokosa babu zao si bendera. Walikosa kuwa upande wa tatu mezani, tangu ile siku ya Juni huko Aachen.

Ua dogo la njano, la jamii ya maua yaitwayo urujuani na linalostahimili zinki, bado linachanua kwenye ardhi ya mgodi ambamo mimea mingi hufa. Mawe mengi ya mpaka ule wa zamani bado yamesimama msituni. Kileleni Vaalserberg leo zinakutana nchi tatu, lakini barabara inayopanda kutoka Vaals, upande wa Uholanzi, jina lake ni Viergrenzenweg: njia ya mipaka minne.