Mnunuzi wa vyombo vya mirathi anasingiziwa mengi

Hesabu za mirathi zikianza katika nyumba ya Mji Mkongwe au Ng'ambo, hapa Unguja, vyombo vya ndani ndivyo vinavyowatia warithi tabu mapema. Shamba la mikarafuu linaweza kusubiri, lakini kabati la mninga halikatiki mafungu. Kwa sheria ya Kiislamu mjane ana sehemu 1 ya 8 kama marehemu ameacha watoto, mtoto wa kiume ana mafungu mawili kwa moja la dada yake, na kila mmoja ana kwake, Kwarara au Fumba, sebule imeshajaa makochi. Basi huitwa mtu anayenunua vyombo vya zamani, bei hupatanwa pale pale mlangoni, kirikuu ikapakiwa. Baada ya miezi miwili mmoja wa warithi hulikuta kabati lile dukani, linang'aa, bei imepanda mara nne. Hapo lawama huanza: tumedhulumiwa, na vya wazee wetu vinauzwa kwa watalii.

Lawama hizo zina ukweli ndani yake, nami nitaufikia. Lakini wanaolaumu huangalia bei mbili tu, ya kununulia na ya kuuzia, na kazi iliyofanyika katikati hawaihesabu.

Tuseme, kwa mfano, kabati limenunuliwa shilingi 80,000 na kuuzwa 320,000. Mrithi anaona faida ya 240,000. Haoni mahamali walioliteremsha kwenye ngazi nyembamba, halafu ujira wao na wa gari. Haoni fukusi, wadudu wanaokula mbao. Kabati likifika karakana, fundi hulilaza chali na kuchoma kila mguu kwa msumari. Msumari ukizama bila nguvu, mguu huo umeliwa na lazima uchongwe mwingine, tena wa mti ule ule, kwa sababu mguu wa mti mwingine utaonekana hata chini ya vanishi. Halafu kuna rangi. Nyumba nyingi zilikuwa zikipaka vyombo rangi ya mafuta kila sikukuu inapokaribia, kijani juu ya samawati juu ya nyeupe, na kuikwangua yote bila kuumiza mbao ni kazi ya mkono, kikwangulio kwanza, msasa wa meno baadaye, msasa laini mwisho. Bado bawaba, bado kitasa kilichopoteza ufunguo. Na bado lile kabati jingine alilolinunua siku hiyo hiyo, akalifungua, akakuta ndani ni unga mtupu. Hasara hiyo hakuna mrithi anayeisikia. Ukizitoa gharama zote katika zile 240,000, kinachobaki kwa sehemu kubwa ni ujira, na ujira wenyewe huja siku mnunuzi atakapotokea, si mwisho wa mwezi.

Kuna na mbao zenyewe. Mvule au mninga wa kutoa ubao mpana huchukua miongo mingi kukua. Sisi visiwani miti hiyo hatunayo ya kuchezea: mivule ya Ngezi, Pemba, ilikatwa sana zama za ukoloni, na leo Ngezi ni msitu wa hifadhi. Mbao ngumu tunazotumia nyingi hutoka bara na kuvuka bahari. Anayevunja kabati la zamani kwa kuni anachoma kitu ambacho hawezi kukinunua tena. Badala yake ataleta kabati la chipibodi, jipya au lililotumika Dubai, ambalo masika mbili tatu za hewa yetu ya bahari hulivimbisha chini, skrubu zikalegea, na hapo hakuna fundi wa kulitengeneza.

Ufundi nao umo humo. Katika karakana moja ya Jang'ombe nilimwona kijana mwanafunzi akiinua nyundo kutenganisha fremu ya mlango wa kabati. "Usiipige, mwanangu," fundi akamwambia, "kitafute kigingi chake kwanza." Kijana akapapasa kwa kidole, akakiona kichwa cha kigingi cha mbao, akakisukuma, na ulimi wa ubao ukatoka kwenye tundu lake mzima, hauna msumari hata mmoja. Kijana huyo akipewa kazi ya chipibodi kila siku, maungio kama yale hatayajua kamwe. Ndiyo maana hoja kwamba vyombo vya zamani vinawanyima maseremala kazi hainiingii. Wanaovikarabati ni wao.

Hoja ya turathi ina uzito zaidi. Mji Mkongwe umo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000, na milango iliyonakshiwa na makasha yenye misumari ya shaba ni sehemu ya sifa yake. Kuvitoa vitu vya kale nje ya nchi kunahitaji kibali, na haki ni iwe hivyo. Lakini kabati la kawaida la miaka ya 1950 lililokarabatiwa na kuwekwa hotelini Shangani bado lipo Unguja. Lililooza ukumbini halipo popote.

Ambapo siwatetei kabisa ni kwenye ghushi. Kuna kasha la mwaka jana linalopakwa madoa na kukwaruzwa ili mgeni auziwe kama la karne iliyopita. Na kuna mnunuzi anayejua thamani ya alichokishika, kisha akamwambia mjane, "Bi mkubwa, hili bovu tu, nalichukua nikusaidie." Huyo ametajwa katika hadithi ya Mtume: atakayetughushi si miongoni mwetu. Kutafuta bei nafuu ni halali yake. Kuificha hali ya kitu si halali.

Warithi nao waache pupa. Nyumba haiuzwi kabla ya kuthaminiwa, basi na vyombo aitwe seremala asiye mnunuzi avitazame, ujira wake utoke kwenye mali kabla ya kugawa. Mrithi anayelipenda kabati alichukue kwa thamani hiyo, ikatwe katika fungu lake. Na kabla ya yote hayo aulizwe mjane. Kwetu kitanda na kabati mara nyingi hununuliwa kwa mahari ya bibi harusi, na mahari ni mali yake. Kabati la namna hiyo halimo kwenye mirathi, na watoto hawana ruhusa ya kumwitia dalali.