Korosho za Siku Hizi Hazina Habari

Wajomba, mnaonunua korosho za kukaanga hapa stendi ya Mtwara, mmeangalia lakini zinafungiwa nini? Jana mimi nimefungiwa kwenye daftari la mtoto wa shule. Natafuna huku nasoma: sita mara nane, hamsini na nne. Mwalimu kachora kosa kubwa jekundu. Ndiyo habari yangu ya siku hiyo!

Zamani koni ya korosho ilikuwa gazeti. Unamaliza korosho, unakunjua, unakuta waziri kajiuzulu.

Habari yenyewe kuchelewa hatukujali, sisi watu wa kusini tumeshazoea. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilikuwa unavuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika ikikolea basi linalala kwenye tope, abiria, kuku na magazeti. Mzalendo la Jumapili unalisoma Alhamisi, na ubishi wa mpira unaanza upya kana kwamba mechi imechezwa jana. Lakini lilifika! Lilikuwepo Mfanyakazi, lilikuwepo Sani la katuni, na Ndumilakuwili wake. Vyama vingi viliporudi 1992, ndiyo yakafumuka kama uyoga: Rai huyo, na ya udaku yenye wino mwekundu unaobaki vidoleni. Muuzaji anayabana kwenye kamba, sisi tumeinama mikono nyuma, tunasoma vichwa vya habari bila kutoa hata senti.

"Mzee, kusoma ni kununua."

Kununua na nini? Kijiweni gazeti moja walisoma watu kumi, na aliyelinunua alilipata wa mwisho, chemsha bongo imeshajazwa na majibu yenyewe siyo.

Sasa magazeti nani kayaua? Watuhumiwa wamejaa. Redio na televisheni, alfajiri zinakusomea kurasa zote za mbele ukiwa bado unapiga mswaki. Sheria ya habari ya 2016, leseni ya gazeti ikawa ya kukata kila mwaka. Mwaka 2017 Mawio na MwanaHALISI, yote ya kila wiki, yakafungiwa miezi 24 kila moja. Wapo wezi wa kuku waliotoka mapema kuliko hapo. Mwaka 2022 Waziri wa Habari, mbunge wa Mtama hapo jirani zetu Lindi, akayarudishia leseni. Wasomaji wenyewe walishahamia kwenye simu.

Simu! Kichwa cha habari kinasema "HUYU HAPA". Huyu nani? Unagusa, linakuja tangazo la dawa ya nguvu za kiume, unalifunga, linakuja la mkopo, bando limekata. Na simu huwezi kufungia dagaa. Mwaka 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nikasema haya, sasa gazeti limepata ajira ya kudumu. Wapi! Muuza maandazi akaniambia magazeti ya zamani kwa kilo yamekuwa adimu kuliko unga.

Mimi mengine yote nimesamehe. Kuna hadithi moja ya kila wiki, jamaa karudi safari usiku bila taarifa, kasikia mkewe anacheka chumbani na mtu, kashika kitasa. "Itaendelea toleo lijalo." Toleo lijalo halikuja. Mwenye meza hana, Masasi hawana, Newala hawana. Jamaa miaka yote hii yuko mlangoni na begi lake. Kama kuna mwenye gazeti lile, hata kama limefungia karanga, anitafute hapa stendi. Korosho nalipa mimi.