Bwana Orodha wa Tandahimba

Msimu wa korosho ukikolea Tandahimba, karani halali. Mwaka huo karani nilikuwa mimi, na kompyuta ya chama chetu cha msingi ilikuwa imekufa. Mpwa wangu, anayesomea mambo hayo, akaniachia laptopu yake kuukuu: skrini nyeusi tii, hakuna hata kipicha cha kubofya.

"Mjomba, andika vim, programu ya kuandikia itafunguka. Ukimaliza kuandika, bonyeza Esc." Akadandia basi, huyo Dar.

Nikafungua. Katikati ya skrini kuna Kiingereza: wasaidie watoto maskini wa Uganda. Heh! Hata gunia moja sijaandika, tayari nachangishwa! (Kumbe Mholanzi aliyeitoa programu hiyo mwaka 1991, Bram Moolenaar, hakuiuza, aliomba tu ukiipenda uwakumbuke watoto hao.)

Nikaandika Hamisi. Ikatoka "misi". Nikasema kibodi imechoka. Nikapiga Enta, kisha Esc kama nilivyoagizwa, maana Hamisi si nimemmaliza? Asha akatoka "sha". Enta, Esc. Aliyenitisha ni Zuhura: mwenyewe hakutokea, na papo hapo "sha" naye akatoweka. Nikajiuliza kama hao wawili ni wake wenza.

Akaja Issa, magunia 40. Huyu nikaona nianze na hesabu: 40Issa. Enta. Esc. Mama yangu! "ssa" zikamiminika skrini nzima, moja chini ya nyingine, kama tairi la baiskeli linalotoa upepo. Wakulima dirishani wakaanza kuchungulia.

Nikapiga simu.

"Mjomba, hiyo ukiifungua haiandiki, inangoja amri. Herufi u inafuta ulichofanya, namba inasema rudia mara ngapi. Bonyeza i kwanza ndipo uandike, na Esc usiiguse mpaka umalize orodha nzima."

"Daftari gani linalokataa kuandikwa?"

"Ndivyo alivyozaliwa mama yake, programu iitwayo vi, tangu 1976."

Akanitoa kwa :q! tukaanza upya. Nikabonyeza i, majina yakaingia kama maji, wakulima 63 na magunia yao. Nikampigia tena. "Sasa andika nukta mbili, wq, nafasi, orodha," akasema, na salio langu likakata hapohapo. Nikaandika. Kimya. Nikapiga Enta. Kimya. Baada ya robo saa akapiga mwenyewe: "Mjomba, Esc kwanza! Halafu urudie yaleyale." Nikarudia, ikakubali, flashi ikaenda kuchapwa.

Kesho yake katibu akasimama chini ya mwembe kuwaita wakulima waje kusaini. Hamisi akasaini. Asha na Zuhura wakasaini, wala hawakugombana. Alipofika mwisho wa karatasi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wekyu Orodha! Bwana Wekyu Orodha yupo?"

Watu wakaangaliana. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa kandambili.

"Huyo atakuwa wa ng'ambo ya Ruvuma," mzee mmoja akasema. "Mwekeeni pesa yake, atakuja."