Dosari ya kumbukumbu kwenye kivinjari: kipi kifichwe, kipi kisemwe?

Septemba 2023 Google ilitoa kiraka cha dharura, yaani sasisho la usalama, cha kivinjari chake Chrome kuziba dosari iliyopewa namba CVE-2023-4863, iliyoripotiwa na wataalamu wa Apple pamoja na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto. Wavamizi walikuwa wameshaanza kuitumia. Maelezo ya kina yalizuiwa hadi watumiaji wengi wawe wamesasisha, na tangu hapo najiuliza ukimya wa namna hii unamlinda nani.

Tundu lilikuwa kwenye usomaji wa picha za WebP, muundo wa kubana picha za mtandaoni. Ili kufungua picha iliyobanwa, programu hutenga nafasi kwenye kumbukumbu na kujenga humo jedwali la kutafsiri misimbo. Picha iliyotengenezwa kwa hila ililifanya jedwali lifurike, data ikaandikwa juu ya nafasi ya jirani, na mjuzi akaweza kupenyeza amri zake hapohapo. Mtumiaji hahitaji kupakua wala kukubali chochote. Ukurasa ukifunguka tu, yametimia.

Wanaotetea ukimya wana hoja nzito. Kiraka hakimlindi mtu siku kinapotolewa. Kinaweza kuwa kimeshapakuliwa, na bado kivinjari chenye vichupo thelathini kikaendelea kutumia msimbo wa zamani hadi kifungwe na kufunguliwa upya. Kumwaga mbinu zote katika siku hizo ni kuwafundisha wavamizi wasioweza kuivumbua wenyewe.

Ila msimbo wa Chromium, mradi ambao Chrome imejengwa juu yake, uko wazi kwa yeyote kuusoma. Mvamizi mwenye subira hulinganisha mistari ya kabla na baada ya kiraka, akajua pa kugonga. Anayebaki gizani ni mlinzi. Hapo ndipo liliponiuma la 2023: rekodi ya kwanza ya CVE iliihusisha dosari na Chrome peke yake, ilhali ilikuwa ndani ya libwebp, maktaba ya msimbo wa kusoma picha za WebP inayotumiwa pia na kivinjari cha Firefox na programu zilizojengwa kwa Electron, zana ya kuundia programu za kompyuta. Msimamizi wa mitambo aliyesasisha Chrome angeweza kulala akidhani kazi imekwisha.

Wapo wanaosema dawa ni kuachana na lugha ya programu ya C++ na kuhamia Rust, lugha inayozuia makosa mengi ya kumbukumbu. Ni kweli, mwaka 2020 timu ya Chromium ilieleza kwamba takribani asilimia 70 ya dosari zao kubwa za usalama zinatokana na makosa ya kushughulikia kumbukumbu. Lakini kuandika upya mamilioni ya mistari ni kazi ya miaka. Kwa sasa ningependa mbinu ya shambulio ifichwe kwa wiki kadhaa, lakini jina la maktaba na matoleo yaliyoathirika yatajwe siku ileile kiraka kinapotoka.